Bawaba Chini ya Soli: Kiatu cha Barafu Ambacho Mabingwa Walikikataa

Tarehe 17 Februari 1998, katika Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi mjini Nagano, Japani, Mholanzi Gianni Romme alimaliza mbio za barafu za mita 10,000 kwa dakika 13 na sekunde 15.33. Rekodi aliyoiweka Mnorwe Johann Olav Koss mwaka 1994 ilikuwa dakika 13 na sekunde 30.55. Ukipiga hesabu, Romme alikwenda kwa wastani wa zaidi ya kilomita 45 kwa saa, kwa nguvu za miguu yake tu. Bob de Jong aliyemfuata, na Rintje Ritsma aliyeshika nafasi ya tatu, nao waliingia chini ya muda wa Koss. Rekodi ikivunjwa na mtu mmoja tunamsifu mtu. Ikivunjwa na wote watatu waliopanda jukwaani, anayebuni viatu ana haki ya kuinama na kutazama walichovaa.

Walivaa kiatu ambacho kisigino chake hakijafungwa kwenye bapa la chuma linaloteleza barafuni. Kiatu na bapa vimeungwa mahali pamoja tu, mbele, kwa bawaba. Mtelezaji anapomaliza msukumo kisigino kinapanda, bapa linabaki limelala barafuni kwa urefu wake wote, kisha springi inalirudisha kwenye soli kwa mlio ambao Waholanzi waliutumia kukipa kiatu jina: klapschaats. Hapa nitakiita kiatu cha bawaba.

Wazo lenyewe lilikuwa la zamani. Mjerumani Karl Hannes wa Burghausen alilisajili kwa hataza mwaka 1894. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Vrije, Amsterdam, walitengeneza mfano wao wa kwanza mwaka 1980. Ndipo kikaja kipindi kirefu ambacho kiatu kilikuwapo, hesabu zilikuwapo, na karibu hakuna bingwa aliyetaka kukivaa. Kuna maswali mawili hapa: kwa nini kilisubiri hivyo, na nguvu ya ziada ilitoka wapi hasa. La kwanza ndilo linalosimuliwa zaidi. Mimi nalithamini la pili, kwa sababu jibu lake halikuwa lile ambalo wabunifu wenyewe walilitarajia, na kwa mtu mwenye kalibu ya viatu na gundi mkononi ndilo lenye faida.

Msukumo uliokatishwa

Mkimbiaji husukuma ardhi nyuma, na ardhi inamhimili. Mtelezaji hana bahati hiyo. Akisukuma nyuma moja kwa moja, bapa linateleza nyuma pamoja na mguu na hakuna kilichopatikana. Njia yake ni kusukuma kwa ubavu: makali yanauma barafu, mguu unaendelea kuteleza mbele huku ukinyooka kwenda pembeni. Anainama sana, kiwiliwili kikiwa karibu sambamba na barafu, maana kwa mwendo huo adui mkubwa ni hewa, na magoti yake yamekunjwa karibu na pembemraba. Ili mguu ukunjike hivyo, kiatu hukatwa chini ya vifundo. Aliyezoea viatu virefu vya utelezaji wa madaha, ule wa kuruka na kuzunguka barafuni, akikiona kwa mara ya kwanza hudhani fundi aliitwa kula kabla ya kumaliza kushona.

Bapa lenyewe ni jembamba, unene wake milimita moja na ushei, na ni refu kupita vidole. Upande wa chini karibu umenyooka: mpindo wake ni kipande cha duara lenye nusu kipenyo cha zaidi ya mita 20. Kwenye kiatu cha madaha nusu kipenyo hicho ni kama mita 2, na bapa lina unene wa milimita 4 hivi, ndiyo maana mchezaji wa madaha anaweza kuzunguka papo hapo naye wa mbio hawezi. Bapa refu lililonyooka ni zuri kwa kwenda mbele, lakini lina sharti: lazima lilale. Likiwa limefungwa imara mbele na nyuma, ukiinua kisigino unainua na mkia wa bapa, mzigo wote unahamia kwenye ncha ya mbele, ncha inachimba barafu, na mwendo ulioutafuta kwa jasho unapotea.

Kwa hiyo makocha walifundisha, kizazi baada ya kizazi, kusukuma kwa wayo mzima na kutomalizia kwa vidole. Waliofundishwa hivyo walishinda medali, na mbinu iliyotokana na kasoro ya kifaa ikaheshimiwa kama sheria ya maumbile.

Gerrit Jan van Ingen Schenau hakuwa fundi viatu. Alikuwa mmoja wa watafiti wale wa Amsterdam, mtafiti wa mwendo wa mwili, na pamoja na utelezaji alichunguza kuruka. Mtu anaporuka juu, viungo hufunguka kwa zamu: nyonga, goti, mwisho kifundo. Zamu hiyo si madoido. Goti linapokaribia kunyooka, kila nyuzi moja ya mzunguko wake inaongeza urefu mdogo zaidi wa mguu, mpaka mwishoni goti linazunguka kwa kasi na mwili haupati karibu chochote. Hapo ndipo kifundo hupokea kazi. Msuli mkubwa wa shavu la mguu umeshikamana juu ya goti na pia kwenye kisigino, hivyo goti linaponyooka msuli huo unakivuta kisigino juu, na nguvu iliyozalishwa pajani inapitishwa hadi kwenye wayo. Ukitaka kuhisi kinachotokea njia hiyo ikizibwa, chuchumaa, kisha jaribu kuruka bila kumalizia kwa vidole. Utaacha sakafu mapema na chini, goti likiwa bado halijanyooka.

Hivyo ndivyo watelezaji wa mbio walivyoishi. Vipimo vya Amsterdam vilionyesha bapa likiondoka barafuni goti likiwa bado limekunjika. Miguu yenye nguvu kubwa ilikuwa inaachia msukumo kabla haujaisha.

Kusubiri

Dawa ilikuwa dhahiri, na ukiitazama leo unashangaa haikuja mapema zaidi. Wanaoteleza kwa ski ndefu za kuvuka nyika wamekuwa na kisigino huru tangu zamani. Van Ingen Schenau alimaliza tasnifu yake ya udaktari mwaka 1981, na kwa ushirikiano na kampuni ya Viking ya Uholanzi viatu vya bawaba vikatengenezwa. Vilionekana mashindanoni katikati ya miaka ya 1980. Havikuenea.

Ni rahisi kuwacheka mabingwa waliovikataa. Sitafanya hivyo. Mtelezaji wa ngazi ya juu amejenga mwili wake miaka kumi na zaidi kuzunguka jambo moja: kisigino kisipande. Mpe kiatu kinachoruhusu kisigino kupanda, na siku ya kwanza atakuwa mwepesi kidogo wa kuanguka na mzito kidogo wa kwenda, kwa sababu misuli yake inaendelea kufanya kile ambacho kiatu kipya hakihitaji. Msimu wa baridi ni mfupi, nafasi kwenye timu ya taifa ni chache, na hakuna anayelipwa kwa kushindwa kwa uvumbuzi. Bawaba nazo zinaongeza uzito, sehemu za kulegea, na mlio uliowakera watu waliozoea ukimya wa bapa. Kwa bingwa, kukataa kulikuwa uamuzi wa akili timamu kabisa. Kosa, kama lipo, ni la waliotarajia kwamba uthibitisho wa maabara ungetosha kumshawishi mtu mwenye kitu cha kupoteza.

Mlango ulifunguliwa na wasio na cha kupoteza. Msimu wa 1994/95, vijana kumi na mmoja wa Uholanzi walikubali kuvaa viatu vya bawaba msimu mzima. Muda wao ulipungua kwa wastani wa asilimia 6.2, ilhali vijana wenzao waliobaki na viatu vya kawaida walipunguza wao kwa asilimia 2.5. Takwimu hiyo haipaswi kumezwa nzima. Vijana wale walijua wamevaa kitu kipya, na mtu anayejua kwamba anajaribiwa huongeza bidii. Lakini pengo la karibu asilimia 4, katika mchezo ambao medali huamuliwa kwa sehemu ya sekunde, ni kubwa kuliko linavyoweza kuelezwa na hamasa peke yake. Muhimu zaidi, vijana walikuwa na msimu mzima wa kusahau mbinu ya zamani, tena hawakuwa wameizoea sana.

Msimu wa 1996/97 wanawake wa timu ya Uholanzi wakavihamia. Januari 1997, mjini Heerenveen, Tonny de Jong akawa bingwa wa Ulaya mbele ya Gunda Niemann wa Ujerumani, ambaye kwa miaka mingi alikuwa karibu hashindiki. Baada ya hapo hapakuwa na mjadala wa kisayansi tena. Palikuwa na foleni kwa watengenezaji, na malalamiko ya wale waliohisi kwamba mchezo umegeuzwa kuwa wa mashine. Shirikisho la kimataifa likaviruhusu, na Nagano rekodi za dunia zikaanguka katika mbio tano: mita 1,500, 5,000 na 10,000 za wanaume, na mita 1,500 na 5,000 za wanawake. Van Ingen Schenau aliishi kuyaona hayo. Alifariki Aprili mwaka huohuo.

Nguvu ilitoka wapi

Nadharia ya awali ilikuwa safi: kiatu cha kawaida kinazuia kifundo kufunguka, cha bawaba kinakiruhusu, basi faida ni mchango wa kifundo. Ukichukua maelezo hayo kama yalivyo utabuni kiatu kibaya.

Watafiti walipowapima watelezaji walewale kwa viatu vya aina zote mbili, waligundua kwamba hata kwenye kiatu cha kawaida kifundo hufunguka mwishoni mwa msukumo. Bingwa hawezi kuzuia kabisa kile ambacho mwili unataka kufanya. Tofauti ilikuwa mahali ambapo wayo ulizungukia. Kwenye kiatu cha kawaida wayo, kiatu na bapa huzunguka pamoja juu ya ncha ya mbele ya bapa, mbali mbele ya vidole. Kwenye kiatu cha bawaba wayo huzunguka juu ya bawaba, karibu na pale vidole vinapoanzia, yaani karibu na mahali ambapo mwili ulizoea kuzungukia tangu ulipojifunza kutembea.

Umbali huo mdogo ndio wenye kisa. Sehemu ya kuzungukia ikiwa mbali mbele, mkono wa nguvu ambao shavu la mguu linapaswa kuushinda unakuwa mrefu kupita kiasi. Misuli haiwezi kuinua kisigino kwa wakati, kuzunguka kunachelewa, na goti linamaliza safari yake bila wa kumpokezana kijiti. Bawaba ikirudishwa chini ya mzizi wa vidole, kazi inagawanyika vizuri na mguu unaendelea kusukuma barafu kwa muda kidogo zaidi. Kidogo kweli: tofauti ya kazi iliyofanyika ilijitokeza katika milisekunde 50 hivi za mwisho za kila msukumo. Juu ya hapo, watelezaji waliweza pia kupiga misukumo mingi zaidi kwa muda uleule.

Kwa mbunifu, swali basi si kama kifundo kimeachwa huru. Swali ni kiatu kinamlazimisha mtu kuzungukia wapi. Kiatu kinaweza kuwa laini kama soksi na bado kikafunga mguu, ikiwa kilicho chini yake kinapeleka mhimili mahali pabaya. Kiatu cha zamani cha mbio kilikuwa kifupi, chepesi, wazi kifundoni, na bado kilikuwa gereza, kwa kuwa gereza lilijengwa chini ya soli.

Kiatu kilivyolazimika kubadilika

Masimulizi mengi huishia kwenye bawaba, kana kwamba mtu alichukua kiatu cha zamani akakifungia kifaa kipya. Waliojaribu hivyo waligundua upesi kwamba kiatu nacho kilikuwa kimebadilishiwa kazi.

Zamani soli ilishikwa sehemu mbili, mbele na nyuma, na fremu ya chuma chini yake ilisaidia kuikaza. Hata ngozi iliyochoka ilivumilika. Kwenye kiatu cha bawaba, katika zile sehemu za sekunde zenye thamani kuliko zote, soli imeshikwa mbele tu. Nyuma yake iko hewani na imebeba mvutano wote wa shavu la mguu. Soli ikipinda, kisigino kinapanda bila bapa kusukumwa, na faida yote imeliwa na mpindo. Ikijisokota kwa ubavu ni mbaya zaidi, kwa sababu msukumo ni wa ubavu: makali yanapoteza pembe yake dakika ya mwisho. Ndiyo maana leo viatu vya mbio hujengwa kama ganda moja la nyuzi za kaboni linaloanzia chini ya vidole na kupanda kuzunguka kisigino, na ngozi au kitambaa hufunika tu. Mbele ya bawaba unaweza kuokoa uzito. Kati ya bawaba na kisigino usiokoe.

Kisha kuna kisigino chenyewe. Mguu ukiwa na nafasi ya milimita chache ndani ya kiatu, kinachotokea mwishoni mwa msukumo ni kwamba wayo unapinda ndani, kwenye vidole, kabla soli haijaanza kuzunguka. Mtelezaji anahisi amefanya kazi. Bawaba haijafunguka. Hapa ndipo vipimo vya dukani vinapotuangusha. Namba moja ya mfumo wa Kiingereza ni milimita 8.47, ya mfumo wa Kifaransa ni milimita 6.67, hivyo hata nusu namba ni milimita 3 au 4, ambazo kwenye kiatu cha kutembea hakuna anayezihisi na kwenye hiki zinameza sehemu nzima ya msukumo. Mguu upimwe kwa milimita, wa kushoto na wa kulia kila mmoja kivyake, kwa kuwa ni nadra iwe sawa. Tena upimwe ukiwa umebeba uzito na goti likiwa limekunjwa kama barafuni. Wayo uliobeba mwili unarefuka na kupanuka, upinde wake unashuka, na mfupa wa ndani wa kifundo unasogea. Kalibu iliyochukuliwa kwa mtu aliyekaa kwenye kiti ni kalibu ya mtu aliyekaa kwenye kiti.

Maganda mengi ya kaboni hutengenezwa kwa utomvu unaolainika kwa joto, ili kiatu kipashwe moto na kufinyangwa mguuni. Ni msaada mkubwa penye vifundo na kwenye mfupa wa nyuma ya kisigino, ambako msuguano wa muda mrefu huota kinundu kigumu ambacho watelezaji wa kila aina wanakijua. Lakini kufinyanga hakuongezi urefu wala hakugeuzi kiatu kipana kuwa chembamba. Nimeona watu wakitegemea oveni isahihishe kosa la kalibu. Haiwezi.

Mahali pa bawaba pakabaki suala la mtu na mtu. Ikisogezwa mbele mno unarudi kwenye ugonjwa wa kiatu cha zamani. Ikisogezwa nyuma mno kisigino kinapanda mapema, goti likiwa bado na kazi, na mtelezaji anahisi kama sakafu imemkimbia. Mianya ya skrubu chini ya soli huruhusu kusogeza fremu kidogo mbele na nyuma, na kidogo kushoto na kulia kwa mtu ambaye vifundo vyake vinalalia ndani. Mbunifu anayechimba matundu yasiyosogezeka anasema kwamba anaijua miguu ya mteja kuliko mteja mwenyewe.

Springi ni jambo dogo. Ikiwa dhaifu, bapa linachelewa kurudi na mguu unatua ukiwa wazi. Ikiwa kali, inapingana na ufunguzi uleule uliotafutwa. Kulegea kwa pini ya bawaba ndiko kwa kuangaliwa kila wakati, maana kunaharibu makali bila mtu kujua chanzo.

Kwa nini haikuhamia kila mahali

Baada ya Nagano ilionekana kama bawaba ingeingia katika kila kiatu chenye chuma au gurudumu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilijaribiwa kwenye viatu vya magurudumu ya mstari mmoja, na haikushika. Sababu naiona kwenye gurudumu la mbele. Ncha ya bapa ikibaki peke yake barafuni inachimba. Gurudumu la mbele likibaki peke yake linaendelea kuzunguka, kwa hiyo adhabu ya kuinua kisigino ni ndogo tangu mwanzo. Unabaki na mhimili ulio mbali mbele, kasoro halisi, lakini faida ya kuirekebisha inabidi ilipie uzito wa fremu inayoning'inia na mtikisiko wa njia ngumu. Hesabu haikutosha.

Viatu vya burudani vya mstari mmoja, vile vya ganda la plastiki, vina bawaba ya aina nyingine, ya kifundoni, iliyorithiwa kutoka viatu vya ski. Kola ya juu inakunjika mbele na nyuma lakini haiendi pembeni. Kwa anayeanza ni mpango bora: anakunja magoti bila kupigana na kiatu, na vifundo havianguki ndani. Viatu vya magurudumu manne, jozi mbele na jozi nyuma, vina kiungo chao mahali pengine kabisa. Tangu hataza ya James Plimpton ya mwaka 1863, ekseli zake hukaa juu ya mito ya mpira, na mtu akiegemea upande mmoja magurudumu yanageuka yenyewe. Usukani uko chini ya soli, na mwenye kuuzungusha ni kifundo. Wachezaji wanaohitaji kukwepa na kugeuka ghafla huvaa viatu vifupi ili kifundo kifanye kazi hiyo. Wanaoruka na kutua kwa madaha huvaa virefu, wakakaza mpira wa ekseli kulingana na uzito wao. Kubuni kiatu cha namna hii bila kujua ugumu wa mpira ulio chini yake ni kubuni nusu ya chombo.

Penye maumivu zaidi ni utelezaji wa madaha barafuni. Kiatu chake ni kirefu, kigumu, chenye kisigino kilichoinuliwa, na kila mruko humalizika kwa kutua kinyumenyume juu ya mguu mmoja kwa nguvu inayozidi uzito wa mwili mara kadhaa. Mguu ulio huru hutua kwa vidole kwanza, shavu la mguu likapunguza pigo, kisha kisigino kikafuata. Ndani ya kiatu kigumu vidole haviwezi kuelekea chini vya kutosha, na pigo linapanda kwa kasi hadi gotini, nyongani na kiunoni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, walijaribu kiatu kilichokatwa kifundoni na kutiwa bawaba, kinachokunjika mbele na nyuma na kukataa kwenda pembeni. Vipimo vyao vilionyesha pigo la kisigino likipungua na kuja polepole zaidi. Kiatu kilifika sokoni, lakini hakikuenea.

Wengi husema tatizo lilikuwa sura, na ni kweli kwamba hakikuwa na ule mstari mmoja mweupe wa mguu ambao mchezo huu unaupenda. Nadhani sababu kubwa ni kwamba hapakuwa na saa. Tonny de Jong alipovuka mstari wa kumalizia, ubao ulitangaza kwa niaba ya bawaba. Mchezaji wa madaha anayebadili kiatu anavuruga wakati wa kuruka alioujenga tangu utotoni, anapoteza alama msimu huu, na malipo yake ni mgongo usiouma baada ya miaka kumi. Faida ya namna hiyo haionekani kwenye ubao wowote. Kama ningepewa kazi hii leo nisingeanza na bingwa. Ningeanza na watoto wanaojifunza mruko wa kwanza, ambao mara nyingi hununuliwa viatu vigumu kuliko miili yao inavyoweza kukunja, halafu ningeiingiza bawaba chini ya ngozi ya nje ili mstari wa mguu ubaki, na kola ingekazwa hatua kwa hatua mtoto anavyokua.

Mbio za mzunguko mfupi, zile za watelezaji wengi kwenye kiwanja kidogo cha mita 111.12 kwa mzunguko, zimefunga mlango kwa kanuni: kiatu cha bawaba ni marufuku. Viatu vyake ni virefu na vigumu zaidi kuliko vya njia ndefu, yaani vya mbio kama zile za Romme, bapa limefungwa imara mbele na nyuma, limesogezwa kushoto na kukunjwa kidogo kufuata kona, kwa kuwa mbio nzima hugeukia upande huo. Wanaoshindana katika mbio za aina zote mbili hubeba jozi mbili, na kisigino kinachopanda kwenye moja hulazwa kwenye nyingine.